Mjumbe wa Malisho Hakuwa na Slaidi

Huku Merti mtu huulizwa amani kabla ya kuulizwa kitu kingine chochote, na anajibu amani hata kama usiku fisi amekula mbuzi wake wawili. Hiyo salamu ina kazi kwa hii stori, mtaona.

Mwezi huu inbox yangu imejaa swali moja. Mtu wa chuo, mtu wa Form Four, hata dogo mmoja wa Gredi ya 9, wote wanaandika kitu kinachofanana: nina presentesheni wiki ijayo, nifanye nini nisitetemeke? Majibu yaliyojaa mtandaoni mnayajua. Simama wima. Angalia watu machoni. Maneno machache kwa slaidi. Pumua. Sina vita na hayo, yanasaidia. Lakini mimi chuo niliacha, vitabu sikuacha, na nimekuwa nikijiuliza: hii kazi ya kusimama mbele ya watu na kusema jambo lako, kwetu ilikuwa ikifanywa aje kabla ya projekta? Na nani alikuwa anaruhusiwa kusimama? Nilidhani nitapata stori fupi ya wazee na mti. Nimejikuta kwa tume za serikali, kwa kambi za askari na kortini.

Tuanze na projekta ili tuimalize mapema.

PowerPoint ilitoka 1987. Iliundwa na kampuni ndogo ya California inayoitwa Forethought, mwenye wazo akiwa jamaa anaitwa Robert Gaskins, na mwanzoni ilifanya kazi kwa kompyuta za Macintosh peke yake, nyeusi na nyeupe. Mwaka huohuo Microsoft wakanunua hiyo kampuni kwa dola milioni 14. Ilikuwa kifaa cha watu wa ofisi: mauzo yako hapa, bajeti iko hapa, twende chakula. Kwa hivyo hii kitu tunayoiona kama amri kutoka mbinguni haijafika hata umri wa mama yangu. Na kabla yake watu walikuwa wanaongea na mambo yanaenda. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani kwa wiki chache akatoa hotuba karibu 100, na Septemba mwaka huo ndege ikaondoka na wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Angalia alichokuwa anafanya. Kila ukumbi aliosimama, alikuwa anaomba vitu viwili, nafasi za masomo na nauli, na watu waliokaa mbele yake walikuwa na uwezo wa kumpa au kumnyima. Kila mtu kwa huo ukumbi alijua anaombwa nini.

Sasa twende Merti.

Kwa wale hamjafika, Merti iko kaunti ya Isiolo, kando ya mto Ewaso Ng'iro, na ukitoka Isiolo mjini ni barabara ya vumbi na mawe, mvua ikinyesha hata usiniulize utafika lini. Wengi wetu ni Waborana, tunaitwa Waborana wa Waso, kwa jina la huo mto. Maisha ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Siasa zote za mifugo zinaishia kwa maswali mawili: leo zamu ya maji ni ya nani, na nyasi zitafika lini.

Eneo la malisho tunaliita dheda, na wazee wanaolisimamia ni jarsa dheda. Wao ndio wanasema msimu wa mvua mifugo ilishe wapi, kiangazi ihamie wapi, na sehemu gani isiguswe mpaka ukame uwe mbaya kabisa. Kisimani kuna aba herega, msimamizi wa zamu. Anajua leo ng'ombe wa nani wanakunywa, kesho wa nani, na huwezi kumpita eti kwa sababu una haraka.

Ukame ukikaza, wafugaji wa mbali, tuseme upande wa Garissa, Wajir au Marsabit, wanahitaji nyasi za huku. Kwa utaratibu wa zamani, na bado uko ingawa umechakaa, hawaji na mifugo moja kwa moja. Wanatuma mjumbe. Huyu mjumbe ndiye mwalimu wangu wa presentesheni, na nataka tukae naye kidogo.

Fikiria kazi yake. Anafika kwa wazee akiwa mgeni. Nyuma yake, siku kadhaa za kutembea, kuna familia na mifugo inayokonda. Anakaa, anaulizwa amani, anajibu amani. Hakuna kukimbilia shida. Halafu anaanza kueleza: sisi ni watu wa nani, tumetoka wapi, nani amenituma. Tuko na ng'ombe wangapi, ngamia wangapi. Tunaomba kukaa mpaka mvua gani. Huko tulikotoka kuna ugonjwa au hakuna. Tunaomba kunywesha kisima gani.

Hapo ndipo nikagundua jamaa amejiandaa kuliko sisi wote. Hajaanza na historia ya ukame duniani. Amejiuliza mapema: hawa wazee wanaogopa nini? Wanaogopa nyasi kuisha, wanaogopa ugonjwa kuingia kwa mifugo yao, wanaogopa vijana wenye bunduki. Kwa hivyo kila anachosema kinajibu hofu mojawapo kabla haijatajwa. Na nambari anazotaja hawezi kudanganya. Akisema ng'ombe mia moja, siku zikifika mia tatu kwa kisima, kila mtu ataziona, na jina lake, pamoja na la aliyemtuma, litakuwa limekwisha. Sisi tunabandika takwimu tuliyookota mahali saa sita usiku, mtu akiuliza imetoka wapi tunaangalia dari.

Kisha yanakuja maswali, na hii ndiyo sehemu naipenda. Maswali ndiyo yanachukua muda mwingi. Mjumbe anaongea kidogo, wazee wanauliza sana. Kuna mzee alipita huko mwezi jana, anajua mvua ilinyesha wapi. Kuna mwingine mtoto wake ameolewa huko. Wanauliza, wananyamaza, wanauliza tena kwa njia nyingine. Kwa darasa letu ni kinyume: unaongea dakika kumi na nne, zinabaki sekunde thelathini, unasema "kuna swali?" huku moyoni unaomba Mungu watu wote wawe bubu. Ukitaka kujiandaa kama mjumbe, chukua nusu ya muda wako wa mazoezi uutumie kwa maswali. Tafuta rafiki mchokozi, yule anapenda kubishana kuhusu kila kitu, mpe mada yako akuhoji. Andika maswali matano ambayo hutaki kuulizwa. Hayo ndiyo utaulizwa.

Mwisho wazee wanatoa jibu: ndiyo, au ndiyo lakini mkae upande ule na mtoke mvua ikianza, au hapana. Mjumbe anarudi na hilo neno. Akiongea vibaya, kuna ng'ombe wanakufa. Hizo ndizo alama zake.

Mkutano wenyewe wa wazee tunauita kora, na una mpangilio. Unafunguliwa kwa baraka, eebba, mzee anaomba amani, mvua, maziwa, na waliokaa wanaitikia. Ndio unaanza kuona ile salamu ilikuwa inafanya kazi gani. Kabla ya watu kubishana, wamekubaliana kwa sauti kwamba wote wanataka amani. Ukianza hivyo ni ngumu kumtukana mtu dakika tano baadaye. Anaongea mmoja, wengine wanasikiliza. Hakuna kuinua mikono kuhesabu kura. Jambo linazungushwa mpaka litoke neno moja, hata likichukua siku. Halafu baraka tena, mnaachana. Marco Bassi, msomi wa Italia, alikaa na Waborana wa Ethiopia akaandika kitabu kizima juu ya mikutano hii, na kwa Kiingereza kilipewa jina linalosema kila kitu: maamuzi kivulini. Huko Ethiopia kuna mkutano mkubwa zaidi, Gumi Gaayo, wa kila miaka minane, ambapo sheria za Waborana hupitiwa na kutangazwa kwa mdomo. Mfumo wote wa Gada uliingizwa kwa orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016. Sheria za watu wengi hivyo, zimebebwa kwa vichwa na kwa sauti, karne baada ya karne. Halafu mtu anasema vijana wa kaskazini hawajui kujieleza.

Nisiwapake mafuta lakini. Kwa kora, wanawake na vijana walikuwa wa kusikiliza zaidi kuliko wa kusema. Mama yangu anajua mambo ya maji kuliko wazee kadhaa ninaowajua, na hakuna siku nimemwona amekaa katikati. Nikisifu huo mti, nasifu pamoja na hilo.

Kuna shule nyingine ya kuongea ambayo kila mtoto wa Merti amepitia bila kuiita shule: khutba ya Ijumaa. Ina sehemu mbili, katikati imamu anakaa kidogo, kisha anasimama tena. Inaanza kwa kumsifu Mungu, inaingia kwa nasaha, inaishia kwa dua. Fupi, na swala inakungoja. Nimesikia khutba za dakika kumi nikazikumbuka mwaka mzima, na nimekaa kwa lekcha za saa tatu nikatoka na usingizi peke yake.

Basi hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Halafu ikaja serikali, na ikageuza upande wa kiti.

Neno baraza nyinyi mnalijua kama mkutano wa chifu. Asili yake ni ya pwani. Nenda Lamu au Zanzibar utaona ile sehemu ya mawe ya kukaa nje ya nyumba, watu wanapiga stori, wanacheza bao, wanaongea siasa. Hiyo ndiyo baraza. Serikali ya mkoloni ililichukua hilo neno ikalibandika kwa mkutano ambao DC anakaa kwa kiti, watu wanakaa chini, mkalimani anasimama katikati, na maneno yanashuka upande mmoja. Huku kaskazini ilikuwa kali zaidi. Sheria ya 1926 ya wilaya za mbali ilifunga eneo lote lililoitwa Northern Frontier District, kuingia na kutoka kwa kibali. Ya 1934 ikaongeza nguvu za maofisa juu ya makabila ya huku, malisho yakapewa mipaka kwa makabila. Yule mjumbe aliyekuwa anaenda kuomba nyasi kwa jirani, sasa jirani yuko upande wa pili wa mstari uliochorwa na mtu ambaye hana hata mbuzi.

Halafu ikafika 1962, na hapa historia yetu ya presentesheni inakuwa ya machozi.

Uhuru ulikuwa unakaribia. Swali lilikuwa: watu wa NFD wabaki Kenya au wajiunge na Somalia? Waingereza wakatuma tume ya watu wawili, mwanasheria wa Nigeria anaitwa Onyiuke na jenerali wa Kanada anaitwa Bogert, wazunguke wasikilize wananchi. Mwisho wa mwaka huo tume ikapita wilaya za kaskazini, Isiolo ikiwemo. Wajumbe wakajipanga, wazee wakasimama, memoranda zikaandikwa. Fikiria hiyo presentesheni. Mada yako ni nchi yako itakuwa ipi.

Na watu waliongea vizuri. Ripoti ya tume ilirekodi kwamba sehemu kubwa ya eneo lile, hasa wanakokaa Wasomali, ilitaka kutoka Kenya, na kwamba Waborana hawakuwa na sauti moja, wengine huku wengine kule. Yaani wasikilizaji walielewa. Waliandika. Halafu Machi 1963 serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wake: hakuna kutoka, kutakuwa na mkoa mpya wa Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya. Isiolo na Marsabit hata huko hatukuwekwa, tulienda Mkoa wa Mashariki.

Mimi sisemi hapa nani alikuwa sahihi kuhusu mpaka, hiyo ni post nyingine na itanitoa jasho. Ninachokiangalia ni kitu kinachoweza kumpata mtu yeyote anayesimama kuongea: waliokuja kusikiliza hawakuwa wenye kuamua. Wenye kuamua walikuwa London na walikuwa na hesabu zao. Mjumbe wa malisho alijua aliyekaa mbele yake ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Wajumbe wa 1962 hawakuwa na hiyo bahati. Tangu nisome hilo, kila nikialikwa mahali kuongea nauliza kwanza: nani ataamua, na je, atakuwepo?

Miezi michache baadaye kuongea kukawa hatari kabisa. Daudi Dabasso Wabera alikuwa DC wa Isiolo, mmoja wa Waafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo kaskazini. Yeye na chifu Haji Galma Dida walikuwa wakizunguka kuwashawishi watu wabaki Kenya. Tarehe 28 Juni 1963, wakiwa kwa hizo safari, walipigwa risasi wakafa. Nairobi kuna mtaa unaitwa Wabera, katikati ya jiji, watu wananunua simu hapo na kupita bila kujua ni jina la mtu aliyeuawa kwa sababu ya alichokuwa anawaambia watu. Na najua kuna babu walioamini kinyume chake kabisa, na wao pia walinyamazishwa, muda mfupi tu baadaye.

Desemba 1963, wiki chache baada ya bendera kupanda, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini. Vita vya Shifta. Mwaka 1966 Waborana wa Isiolo wakakusanywa kwa kambi, Garba Tulla, Modogashe na hapa Merti. Mifugo ilitakiwa isitoke nje ya umbali uliowekwa. Iliyokutwa nje ilipigwa risasi au kutwaliwa. Ndani ya mpaka nyasi zikaisha. Ngamia na mbuzi wakafa kwa wingi wa kutisha, familia zilizokuwa na mali zikatoka huko bila kitu. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zikaandikiana makubaliano Arusha, vita vikaisha kwa karatasi. Sisi hiyo miaka tunaiita Gaafa Daaba, wakati uliposimama.

Kwetu nyumbani hilo jina lilikuwa linatajwa tu kama alama ya kuhesabia umri: fulani alizaliwa kabla ya Gaafa Daaba, fulani baada. Nini kilitokea ndani yake, kimya. Watu waliozaliwa kwa utamaduni wa kuongea mpaka neno moja litoke, walikaa zaidi ya miaka arobaini bila kora ya kulisemea hilo jambo.

Ilikuja 2011. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianza vikao vyake vya wazi kaskazini, na ikafika Isiolo. Wazee na akina mama wakasimama mbele ya makamishna, na maneno yao yakarekodiwa. Tume iliwapa wanawake vikao vyao wenyewe, bila wanaume kukaa hapo. Nikikumbuka ile kora ambayo mama hakai katikati, hiki naona ni kitu kikubwa kuliko kinavyosifiwa. Kote nchini tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000. Ripoti ikatoka Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Waulizeni wazee wenu ni ngapi imefika Merti.

Ukisoma au kusikiliza shahidi mzuri wa vikao kama hivyo, anafanya kile mjumbe alifanya. Anasema mimi ni nani, nilikuwa wapi, niliona nini kwa macho yangu, nilipoteza ngamia wangapi, ninaomba nini. Hapambi. Anajua vitu alivyohesabu na vitu alivyosikia, na anavitenganisha. Mtoto wa chuo anayeandika "wataalamu wengi wanasema" angejifunza mengi kwa huyo mama.

Sasa shule.

Kuna kitu kichekesho kwa hii nchi. Kwa miongo, mtoto akiongea lugha ya kwao shuleni anavalishwa kibao shingoni, wengine wanakiita diski, kinazunguka kwa kila atakayekosea, jioni mnachapwa wote. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu yake 1986 na kuna shule bado kiliendelea. Unamfundisha mtoto miaka minane kwamba kufungua mdomo ni kosa. Halafu akifika chuo unamwambia: karibu mbele, jiamini. Hata dibeti zetu za shule, nazipenda, lakini ni bunge la Uingereza limevaa sweta: mheshimiwa spika, hoja ya nidhamu, wanaounga upande huu na wanaopinga upande ule. Unapewa upande, unaupigania, unashinda. Kwa kora hakuna anayepewa upande wa kupinga maji.

CBC angalau imejaribu. Kwa orodha yake ya umilisi saba wa msingi, wa kwanza kabisa ni mawasiliano na ushirikiano. Kwa karatasi ni safi. Kwa darasa la watoto sabini na mwalimu mmoja, ile presentesheni inageuka chati ya manila ambayo mzazi amechora usiku.

Nikiwa chuoni, kabla karo haijanishinda, nilitoa presentesheni kuhusu zamu ya maji kwa visima vyetu. Stima ilipotea, projekta ikazima, nikaendelea bila slaidi. Watu waliuliza maswali mpaka muda ukapita, jamaa mmoja wa Kitui akaanza kubishana nami kuhusu visima vya mchanga vya kwao, ikawa raha. Karatasi ya alama iliporudi: slaidi, sifuri. Na chini, kwa kalamu nyekundu, maneno mawili kuhusu lafudhi yangu. Yaliyomo hayakuandikiwa hata neno. Nawaambia hivi kwa sababu nyinyi wa kaskazini mnaoniandikia, nusu ya kutetemeka kwenu naijua. Hamtetemeki kwa mada. Mnangoja mtu acheke jinsi mnavyotamka. Dawa yake mimi niliipata kwa mazoezi: jambo lako liseme kwanza kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, kwa mtu ambaye hajasoma hiyo kozi. Mimi humwambia mama. Akiniuliza "sasa unataka wafanye nini?" na nikakosa jibu, najua bado sijaandaa kitu, hata kama nina slaidi thelathini. Akielewa, naihamisha kwa Kiswahili au Kiingereza, na lafudhi naiacha ije nayo, ni yangu. Na kama mwalimu anapeana alama za slaidi, tengeneza slaidi zako chukua alama zako, usiwe mjinga. Ila usizisomee watu, wanajua kusoma.

Kwa nini nakazana na hii kitu wakati ni alama ishirini tu za chuo? Kwa sababu ya kilichotokea Januari 2025. Watu 165 wa kwetu walikuwa wameenda kortini kupinga jinsi hifadhi za wanyama zilivyoanzishwa kwa ardhi ya jamii, Biliqo Bulesa ikiwa mojawapo, hapa hapa Merti. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikakubaliana nao kwamba zilianzishwa kinyume cha sheria, na jambo kubwa kwa uamuzi huo lilikuwa ushirikishwaji wa umma: watu hawakuhusishwa inavyotakiwa. Kuna majirani wanaoipenda hiyo hifadhi kwa ajira na usalama, na kuna wasioitaka kabisa, nimekaa na wote. Lakini angalia swali lililofika mbele ya jaji. Watu wa hapa walisikilizwa? Lini, wapi, na nani alisema nini?

Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi kwa kifungu cha 10. Ina maana sasa kila mradi mkubwa, kila bajeti ya kaunti, kuna mkutano kwa ukumbi au chini ya hema, maji ya chupa, karatasi ya kusaini. Na mara nyingi nani anakuja amejiandaa? Watu wa kampuni, na slaidi zao, dakika arobaini. Kisha wananchi wanapewa dakika mbili mbili. Mzee anasimama, anaanza na amani, kabla hajafika kwa jambo lake kipaza sauti kimeondoka. Kijana aliyesoma, anayejua kuisoma ile bajeti, amekaa nyuma anarekodi TikTok.

Dakika mbili zinatosha kama umefanya kazi ya mjumbe kabla. Amani, kwa sentensi moja. Mimi ni nani na nimetumwa na nani. Nambari moja uliyoihesabu mwenyewe. Ombi moja. Halafu uliza waandike jina lako na ulichosema kwa kumbukumbu za mkutano, na upige picha hiyo karatasi kabla hujatoka. Hiyo ya mwisho sikuitoa kwa kora. Nimeitoa kwa kusoma kesi.

Kama una babu au nyanya wa Waso anayekumbuka kora za kabla ya Gaafa Daaba, au aliyeongea mbele ya tume ya 2011, kaa naye wiki hii. Muombe ruhusa, mrekodi kwa lugha yake, usimkatize. Nataka kujua hasa mjumbe alikuwa anaanza vipi baada ya salamu, maneno yenyewe. Wazee watatu wamenipa majibu matatu tofauti. Nitumieni sauti, jina la mtu nitalificha mkitaka.